Chaki Iliyokwenda Kumsalimia Mama Mkwe

Lethi (mashine za kukereza chuma) nyingi za zamani, kama Myford na South Bend, chaki yake, yaani kibanio kinachoshika chuma, hufungwa kwenye shafti kwa kuzungushwa kama nati. Ukikereza kawaida, nguvu ya kisu inazidi kuikaza. Shafti ikizunguka kinyume, chaki inajifungua. Nilimweleza shemeji. Akanijibu, "Shem, hii mashine, siyo mfuniko wa chupa ya chai."

South Bend yake ya inchi 9 aliipata mnadani, akaitia bandani, ubavuni mwa mashine ya kusaga ya mama mkwe, maana ndipo penye umeme wa fezi tatu. Bedi, ile reli ndefu ya chuma chini ya chaki, tuliisugua kwa mafuta ya taa na tambara (msasa usithubutu), tukaipaka oili namba 68. Kuilaza sawa ndiyo kazi yenyewe. Pimamaji ya mwashi haitoshi, kwa sababu bedi ikijipinda kidogo tu, chuma kinatoka kinene huku, chembamba kule. Unabana chuma cha milimita 25, kitokeze milimita 100 bila kukiegemeza nyuma, unakikwangua kidogo sana, halafu unapima ncha mbili kwa maikromita, kipimo cha unene. Zikipishana, unasukumia vipande vya bati chini ya mguu mmoja wa upande ulio mbali na chaki mpaka zilingane.

Jaribio hilo siku ile hatukulifikia.

Fundi umeme aliunga waya zake tatu, akatangaza kazi imekwisha. Mota ya fezi tatu haijui mbele wala nyuma, inafuata mpangilio wa waya. Kwa hiyo unavua mkanda kwanza, unagusa swichi na kuzima, unaangalia inaelekea wapi. Nimegeuka kutafuta spana ya kulegezea mkanda, nasikia "tak!" Shemeji kabonyeza kitufe cha kijani.

Chaki ya inchi 6 ni kilo 8 hivi za chuma. Ilijifungua kwa adabu kabisa, uzi baada ya uzi, ikadondoka juu ya ubao niliokuwa nimeulaza kwenye bedi. Ubao huo ni lazima kila unapofunga chaki, ili ikiponyoka isiumize bedi. Bedi ilipona. Ila ubao ulipinduka upande wa mlango, chaki ikashuka nao, ikatoka nje ikibingirika, kuku wakaipisha, ikaenda kutua kwenye debe la mahindi la mteja.

"Mkwe wangu," mama mkwe akaniita, mimi ambaye sikugusa swichi, "hicho nacho kinasagwa?"

"Shikamoo mama. Hapana mama."

Dawa ni kubadilishana waya mbili zozote kati ya tatu. Fundi akazibadilisha mara moja, tukafunga chaki, akajaribu: sehemu ya juu ikaja upande wa msimamaji, inavyotakiwa. Tukapeana mikono. Muda si mrefu kelele zikaanza upande wa pili. Mashine ya kusaga inanguruma, unga haupandi, feni inazunguka kinyume na bomba limeziba hadi juu.

Waya alizibadilishia kwenye meni swichi ya nyumba nzima, badala ya kwenye stata (swichi ya kuwashia mota) ya lethi.

Fundi akarudi kwenye meni swichi, mama mkwe nyuma yake ameshika mwiko. Shemeji akanyoosha mkono kwenye kitufe cha kijani. Safari hii spana nilikuwa nayo mkononi, akaniangalia, akaurudisha mkono mfukoni.