Siku saba za bure na kadi isiyosahau

Mwaka jana nililipia kwa miezi minne huduma ya filamu niliyoifungua mara moja tu. Ilikuwa usiku wa Ijumaa, kuna filamu kila mtu alikuwa anaisifu, nikapewa siku saba za bure. Nikaingiza namba za kadi, nikaitazama hadi katikati, usingizi ukanichukua. Asubuhi nikaifuta programu kwenye simu, nikaamini nimemalizana nao. Kumbe kufuta programu si kusitisha usajili. Programu iko kwenye simu yako, usajili uko kwao, umeshikana na kadi. Nilipokuja kukagua taarifa ya benki, mwezi wa nne ulikuwa umeshakatwa.

Sisemi niliibiwa. Masharti yalikuwepo, nami nilibonyeza "Nakubali" bila kuyasoma, kama tufanyavyo wengi. Ila tangu hapo siku za bure siziiti zawadi tena. Ni kamari, na mwenye huduma ameweka dau lake kwenye usahaulifu wako. Anayetaka uonje tu hakuombi kwanza ufunguo wa kasha. Na kwa kuwa kinachokatwa kila mwezi ni kidogo, hakiumi kiasi cha kukuinua kitini. Haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba chenyewe si changu.

Dawa yangu ni moja: nasitisha siku ileile ninayojiunga, kabla hata sijachagua cha kutazama. Watu hunishangaa nikiwaambia hivi, wakidhani nitafungiwa papo hapo. Huduma nyingi hukuacha utazame mpaka muda wako uishe. Lakini soma kwanza, maana zipo zinazokata mara moja. Apple, kwa mfano, ukisitisha jaribio la huduma yake ya video, unaweza kupoteza siku zilizobaki, na yenyewe inashauri usitishe angalau saa 24 kabla ya muda kwisha. Kwa za namna hiyo naweka kengele kwenye simu, siku mbili kabla. Siku moja haitoshi, kwa sababu siku hiyo ndiyo utakuwa na shughuli.

Hata hivyo, anayepanga kuishi kwa majaribio ya bure amechelewa. Disney+ ilianza Novemba 2019 ikitoa wiki nzima bure, na kufikia Juni 2020 wiki hiyo ilikuwa imeondolewa. Oktoba mwaka huohuo Netflix ikafuta mwezi wake wa bure kwa wateja wapya Marekani, na Desemba HBO Max nayo ikafuata. Ulikuwa mwaka wa watu kufungiwa ndani. Nadhani walitazama hesabu zao wakaona wateja wanakuja wenyewe bila chambo, na anayemaliza tamthilia ndani ya wiki ya bure hana sababu ya kubaki alipe. Ningekuwa wao ningefanya vivyo hivyo.

Kwa hiyo akiba ya kweli haiko kwenye siku saba. Iko kwenye kukataa kuwa na huduma tatu kwa wakati mmoja. Hakuna anayetazama tatu. Tunalipia tatu, tunatazama moja na nusu, na nusu saa nyingine inakwenda kwenye kuchagua. Mimi sasa nazizungusha: mwezi huu hii, nikimaliza orodha yangu naondoka, mwezi ujao ile. Netflix hutunza kumbukumbu za ulichotazama kwa miezi kadhaa baada ya kusitisha, hivyo ukirudi unakuta tamthilia yako palepale ulipoiachia. Filamu haziozi. Ile ambayo kila mtu anaisifu leo itakuwepo hata miezi mitatu ijayo, na pengine sifa zitakuwa zimepoa, ujue kama kweli ni nzuri.

Ndiyo maana sipendi malipo ya mwaka mzima, hata yakiwa na punguzo la miezi miwili. Punguzo hilo lina maana kwa mtu atakayetazama miezi yote 12. Ukitazama minne, umewapa miezi sita bure wewe.

Vifurushi vya bei nafuu vyenye matangazo navikubali shingo upande. Netflix na Disney+ walivianzisha mwishoni mwa 2022. Kwa tamthilia ya kutazama huku unaosha vyombo, sawa. Kwa filamu, tangazo la sabuni likiingia mtu akiwa anakata roho, afadhali kusoma kitabu. Kilichoniudhi zaidi ni Amazon, iliyoanza kuweka matangazo kwenye huduma yake ya video Januari 2024 kwa watu waliokuwa wanalipa tayari, kisha ikataka nyongeza ili iyaondoe. Nyumba uliyokwisha kupanga, unaongezewa kodi ili mbu watolewe.

Halafu kuna lile la kutoka. Kujiunga ni mibonyezo miwili, kutoka ni safari. Unaulizwa una uhakika, unaulizwa sababu, unapewa punguzo, unaulizwa tena. Ujerumani, tangu Julai 2022, sheria inadai mikataba inayofungwa mtandaoni iwe na kitufe cha wazi cha kuivunja. Marekani, Tume ya Biashara ya Shirikisho iliishtaki Amazon mwaka 2023 kuhusu uanachama wa Prime, ambao ndani yake mna video, ikidai watu waliingizwa bila ridhaa ya kweli na kuzuiwa kutoka. Kwa mujibu wa mashtaka hayo, njia ya kujitoa ilipewa ndani ya kampuni jina la Iliad, utenzi mrefu wa Wagiriki kuhusu vita. Aliyechagua jina hilo alijua anachokifanya. Septemba 2025 Amazon ilikubali kulipa dola bilioni 2.5, bila kukiri kosa.

Mwezi huu nina huduma moja. Nilijiunga tarehe 2, nikasitisha tarehe 2, dakika kama tano baadaye. Orodha yangu ina tamthilia mbili na filamu tatu, mojawapo ikiwa ile niliyoilalia. Zimebaki siku 11.