Maumivu ya gumba kwa mama anayelea: upasuaji una zamu yake

Mama mwenye mtoto mchanga akisema kifundo cha mkono kinamuuma upande wa kidole gumba kila anapomnyanyua mwanawe, huambiwa, "Ndiyo ulezi huo, utazoea." Jibu hilo linanikera. Maumivu hayo yanatambulika kitabibu tangu 1895, alipoyaeleza daktari mpasuaji wa Uswisi, Fritz de Quervain, na yana tiba.

Kano mbili zinazokinyoosha kidole gumba na kukivuta pembeni hupita pamoja kwenye ala nyembamba, yaani mfuko unaozizunguka, juu ya mfupa wa kifundo. Ala hiyo ikinenepa, kano hubanwa, na hata kukamua nguo kunakuwa mateso. Kuichua kwa nguvu hakuifungui. Mkono unahitaji kupumzishwa.

Kwa hiyo kisu kisitangulie. Kwanza gumba lifungwe kwa kifaa cha kulituliza, pamoja na dawa za maumivu. Isiposaidia, ipo sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, ndani ya ala, na wengi hupona hapo. Ila mgonjwa aambiwe mapema kwamba sindano hiyo inaweza kuacha baka jeupe, jambo linaloonekana sana kwenye ngozi nyeusi kama zetu, na kwamba mwenye kisukari sukari yake inaweza kupanda kwa siku kadhaa.

Miezi ikipita na sindano imeshindwa, hapo sioni sababu ya kuogopa upasuaji. Ni mdogo: ganzi ya mkono tu, ngozi inachanwa kidogo, ala inafunguliwa, kano zinapata nafasi, na mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Lakini udogo wake usimfanye mtu aende kichwa kichwa. Kwa watu wengi ala hiyo ina ukuta ndani unaotenga kano moja na nyingine. Daktari akifungua chumba kimoja akaacha cha pili, maumivu yanabaki palepale. Tena juu ya ala hupita matawi ya neva inayoleta hisia mgongoni mwa gumba. Yakijeruhiwa, mtu anaweza kubaki na ganzi au maumivu ya kuunguza, pengine kwa muda mrefu kuliko ugonjwa wenyewe.

Ndiyo maana nasema muulize daktari kabla ya kutia sahihi: umewahi kufanya upasuaji huu? Utakagua kama kuna ukuta ndani ya ala? Neva utailindaje? Kumheshimu daktari hakukunyimi haki ya kuuliza, na daktari anayeijua kazi yake atakujibu bila kukasirika.

Na jamaa nyumbani wapangiane kazi kabla ya tarehe kufika. Gumba huanza kuchezeshwa taratibu mapema, lakini kubeba ndoo, kufua na kumnyanyua mtoto vitasubiri wiki kadhaa. Baba wa mtoto naye ana mikono miwili.