Kwaheri Kidogo

Nyie, mgeni wa aina hii hakosekani kwenye nyumba ya Mswahili. Saa tatu usiku anajipiga mapaja kwa viganja, pa! "Haya jamani, mie nakwenda." Unamshukuru Mungu kimoyomoyo. Anasimama. Akishasimama anakumbuka habari ya mtoto wa dada yake aliyeposwa Muheza, anaketi tena, "dakika moja tu." Saa nne unamsindikiza mlangoni, anaegemea mwimo, hapo panazaliwa mazungumzo mapya kabisa. Saa tano mko barabarani, mbu wanawafaidi, naye ndiyo kwanza anauliza, "Hivi lile shamba la Pongwe mliliuza?"

Nilidhani ugonjwa huu ni wetu sisi watu wa Tanga. Nikapanda ndege kuja kubeba boksi Uingereza, boksi likanishinda mgongo, sasa naendesha teksi hapa Birmingham mwaka wa kumi na tatu. Na nimekuja kugundua kuna watu wanaaga kutushinda. Wanamuziki wa roki! Tofauti ni kwamba mgeni wetu hakuuzii tiketi ya kumwangalia akiaga.

Mji wenyewe unawapalilia tabia hiyo. Watu wa hapa wanakuita "bab." Mwaka wa kwanza niliona nadharauliwa, nina miaka thelathini na mbili, binti wa dukani ananiita babu! Kumbe ni "mpenzi," "ndugu yangu," kitu kama hicho, wanamwita kila mtu. Na wakiaga wanasema "tara a bit." Nikauliza maana yake. Nikaambiwa, kwaheri kidogo. Sasa kwaheri inakuwaje kidogo? Unaenda au huendi?

Haya, tuje Jumamosi ya tarehe 5 Julai, 2025. Siku hiyo Black Sabbath, bendi ya roki ya hapa hapa, walikuwa wanaaga pale Villa Park, uwanja wa timu ya Aston Villa. Bendi imezaliwa mtaa huo huo wa Aston, na huyo mwimbaji wao, Ozzy Osbourne, utotoni alikuwa akilinda magari ya mashabiki wa mpira siku za mechi ili apate vijisenti. Mie siku hiyo nimezunguka dakika arobaini na tano sijapata hata pa kushushia abiria, nikawa nawaza, laiti angekuwepo mtoto mmoja wa namna hiyo nimwachie gari.

Watu zaidi ya elfu arobaini, wote fulana nyeusi, jua la Julai. Ungepita bila kujua ungesema kuna msiba wa kitaifa, ila wafiwa wameshika bia.

Pale stesheni akaingia mzee mmoja, sabini na ushei. Fulana yake ilikuwa nyeusi zamani, sasa ina rangi ya majivu ya jiko, na tumbo limeisukuma juu mpaka kitovu kinasoma barabara. Akaniambia ameinunua mwaka 1978. Nikamwambia inaonekana. Akacheka, akaanza hadithi, na foleni haisogei, kwa hiyo nikasikiliza tu, ningekimbilia wapi?

Akasema amekuja kuaga. Nikasema pole. Akasema si mara ya kwanza. Mwaka 1992 Ozzy mwenyewe alifanya ziara akaiita jina la kusema hakuna ziara tena. Yeye akaenda, akalia. Mwaka 1995 Ozzy akarudi na ziara ambayo jina lake, kwa Kiswahili cha mbele ya wakwe, ni "kustaafu kunakera." Akaenda pia. Mwaka 2018 akaanza kuaga tena kwa jina lile lile la 1992, wakaongeza namba mbili mwishoni kama sinema za ngumi. Na bendi nzima nayo ilishafanya ziara yake ya kuaga, jina lake "Mwisho," ikafungiwa hapa hapa Birmingham tarehe 4 Februari, 2017. Akaenda, akalia.

"Na hii ya leo inaitwaje?" nikamuuliza.

Akasema, "Kurudi Mwanzo."

Jamani! Kitu kinatoka Mwanzo kinafika Mwisho, kinageuza, kinarudi Mwanzo. Hiyo si ziara, hiyo ni daladala.

Nikamwelezea na mie za kwetu. Kwetu bendi haiagi. Msondo Ngoma ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, wanamuziki wanahamia Sikinde, wanarudi, wengine wanakufa, vijana wanashika maiki, na Jumapili muziki upo. Hakuna aliyechapisha fulana ya kwaheri. Mzee Muhidini Gurumo peke yake ndiye namkumbuka alisema hadharani nimestaafu, ilikuwa 2013. Hakurudi jukwaani kwa ziara namba mbili. Aprili 2014 tukamzika. Yule mzee akanyamaza kidogo, akasema, "Basi huyo aliaga vizuri." Nikasema ndiyo.

Foleni bado. Akanihadithia ya mpiga gitaa wao, Tony Iommi, na hii kwa kweli ilinikamata. Kijana wa miaka kumi na saba, yuko kiwandani kwenye mabati, na ndiyo siku yake ya mwisho kazini. Mchana amerudi nyumbani kula, hataki kurudi, mama yake akamwambia nenda ukamalize kazi ya watu. Akaenda. Mashine ikamkata ncha za vidole viwili. Yaani amekwenda kuaga kazi! Na vidole vyenyewe vya mkono anaobonyezea nyuzi, kwa sababu yeye ni shoto. Ungekuwa wewe ungeuza gitaa. Yeye akachukua chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akaiyeyusha, akafinyanga vikofia vya vidole, akavivisha ngozi, akalegeza nyuzi ili zisimuumize. Ile sauti nzito kama lori la mawe linapanda mlima ambayo dunia nzima inaiita hevi metali, chupa ya sabuni imo humo ndani. Huyo si mwanamuziki, huyo ni fundi wa pale Gerezani, Dar.

Tukafika karibu na uwanja, barabara zimefungwa. Mzee akatoa simu, akanionyesha tiketi mbili. Shemeji yake amepasuliwa goti, hawezi kuja. Akasema, "Bab, egesha gari twende. Bure."

Bei ya tiketi ile siitaji, humu kuna watu wenye presha.

Na mie, kwa akili zangu zote nilizozaliwa nazo, nikahesabu. Watu elfu arobaini watatoka usiku wanataka teksi. Bendi yenyewe ni ya kuaga na kurudi. Nikamwambia, "Ahsante mzee wangu. Nitakuja akiaga tena mwakani."

Akacheka mpaka kile kitovu kikatikisika. Akachukua namba yangu, akashuka.

Usiku wenyewe sikupata abiria wa maana, maana pale nje hapakuingilika, wengi walitembea kwa miguu wakiimba. Nikarudi nyumbani, nikamsimulia mke wangu kama kichekesho. Hakucheka.

"Umepewa tiketi bure ukaikataa? Wewe? Wewe ambaye harusi za watu usiowajua unakwenda kwa ajili ya pilau?"

Tukaangalia vipande kwenye simu. Ozzy ameketi kwenye kiti cheusi cha kifalme, ugonjwa wa Parkinson umemshika, miguu haimbebi tena, lakini mikono inapunga na macho yanacheza kama ya mtoto aliyeiba sukari. Wale wanne wa mwanzo, Ozzy, Iommi, Geezer Butler na Bill Ward, wote jukwaani. Watu wazima na ndevu zao wanalia. Mke wangu akasema, "Huyu hatanii." Nikamwambia huwajui hawa, namba tatu inakuja.

Siku kumi na saba. Tarehe 22 Julai niko kijiweni na madereva wenzangu, redio ikatangaza Ozzy Osbourne amefariki. Wote wakanigeukia mie! Maana nilikuwa nimeshawasimulia ile ya "mwakani" na ikawa ndiyo utani wa kijiwe wiki mbili nzima. Hakuna aliyesema neno. Mpakistani mmoja akanisukumia kikombe chake cha chai, kama mtu anayempa mfiwa.

Nyumbani sasa sina raha. Nikisema nitafua kesho, naambiwa, "Au mwakani?" Mwanangu wa miaka tisa naye kaidaka.

Tarehe 30 Julai simu ikalia, yule mzee. Anataka nimpeleke Broad Street, jeneza linapita. Nikaegesha mbali, safari hii sikusubiri kubembelezwa, nikashuka naye. Umati hapo! Kwenye daraja la mfereji kuna benchi lenye picha zao wanne, halionekani kwa maua. Msafara ukaja, na mbele yake, amini usiamini, matarumbeta. Matarumbeta kabisa, yanapiga nyimbo za Black Sabbath, polepole. Mie nilivyozoea, matarumbeta ni bwana harusi kwenye gari la wazi, mguu ukaanza kutingishika wenyewe. Mzee akaniona. Nikajifanya nina ganzi.

Nikamrudisha kwake jioni. Nikasimamisha mlangoni. Akasema, "Haya, bab. Tara a bit." Akafungua mlango, akatoa mguu mmoja.

Mguu mmoja nje, mmoja ndani, akakumbuka Ijumaa ya tarehe 13 Februari, 1970, ile santuri ya kwanza ilipotoka, baba yake alivyotaka kuitupa dirishani. Akanihadithia mama yake alisema nini. Akanihadithia shemeji na lile goti. Akaniuliza Tanga iko upande gani wa Zanzibar. Dakika ishirini na tano, nimetazama saa. Mita inasoma, na sikuizima, mtoto wangu anahitaji viatu.

"Haya," akasema, "sasa nakwenda kweli."

Mvua ikaanza. Akarudisha mguu ndani, akafunga mlango.