Kabla ya Kununua Boksi la DNS, Lizime

Msimu wa bajeti ukikaribia, wasimamizi wa mitandao katika mashirika ya ukubwa wa kati huletewa karatasi zinazofanana: mtambo maalumu wa DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti na seva kuwa anwani za IP) wa kufunga kwenye raki, picha yake safi, na kwa herufi nene idadi ya maulizo unayoweza kujibu kwa sekunde. Kwa maoni yangu, idadi hiyo iangaliwe mwisho kabisa. Chukua ofisi yenye watumishi 800. Hata kila kompyuta ikiuliza majina 10 kila sekunde kutwa nzima, jambo ambalo halitokei, hayo ni maulizo 8,000 kwa sekunde. Unbound, programu huria isiyouzwa hata senti, ikiwa na akiba yake ya majibu kwenye seva ya kawaida, inabeba mzigo huo. Anayelipia uwezo wa maulizo laki kadhaa kwa ofisi kama hiyo analipia kitu ambacho hatakigusa mpaka mtambo uchakae.

Sisemi maboksi haya hayana kazi. Infoblox, BlueCat na EfficientIP wanauza kitu cha maana: DNS, DHCP (huduma inayozigawia kompyuta anwani) na orodha ya anwani za IP zikiwa mahali pamoja, kumbukumbu ya nani alibadilisha rekodi gani na saa ngapi, na uwezo wa kumruhusu fundi wa tawi la Mwanza ashughulikie rekodi za tawi lake bila kuzifikia za makao makuu. Kama anwani zenu bado ziko kwenye faili la Excel ambalo kila mtu ana toleo lake, mnajua adha ninayoizungumzia. Shirika lenye matawi mengi na watu wa IT wanaohama kila mara lina sababu nzuri ya kununua. Lakini linanunua utaratibu wa kazi, na utaratibu huo ndio upimwe.

Swali la kwanza kwa muuzaji: ndani mna nini? Mara nyingi chini ya kurasa za usimamizi za kupendeza inaendesha BIND, programu ileile ya DNS inayotunzwa na shirika la ISC ambayo yeyote anaweza kuipakua bure. Si aibu, BIND imeshika intaneti kwa miongo mingi. Maana yake ni kwamba ugonjwa wa BIND ni ugonjwa wa boksi pia. Julai 2015 iligundulika kwamba pakiti moja tu iliyotengenezwa kwa hila ilitosha kuiangusha BIND, na kuweka orodha ya wanaoruhusiwa kuuliza hakukuwa kinga. Februari 2024 likaja tatizo lililopewa jina KeyTrap, lililogusa karibu programu zote zinazohakiki sahihi za DNSSEC, yaani sahihi za kidijitali zinazothibitisha kwamba jibu la DNS halijaghushiwa. Kwa baadhi ya programu, pakiti moja iliweza kuifanya seva ishindwe kujibu kwa muda wa hadi saa 16. Mwenye seva yake ya Linux alipata marekebisho siku yalipotoka. Mwenye boksi alisubiri kampuni iyapokee, iyajaribu, iyafungashe, kisha itoe toleo lake. Kwa hiyo ombeni tarehe: ISC ilitoa lini marekebisho ya KeyTrap, nanyi mliyafikisha lini kwa wateja? Muuzaji aliye makini atakuwa nazo, na siku zilizo katikati ya tarehe hizo mbili zinaeleza mengi kuliko kijitabu kizima cha matangazo.

Baada ya hapo, omba boksi la majaribio na ulizime. Usilizime kwa utaratibu kupitia menyu. Chomoa waya wa umeme, kwa sababu kwetu umeme unakatika, UPS inachoka, na jenereta ina siku zake. Subiri kidogo, liwashe, uangalie linaamka vipi.

Hapa kuna mtego ambao majaribio mengi hayaugusi, nao ni wa saa. DNSSEC inategemea saa, kwani kila sahihi ina muda wa kuanza na muda wa kuisha. Betri ndogo iliyo kwenye bodi ikifa, mtambo unaweza kuamka ukidhani uko miaka kadhaa nyuma. Kwa saa hiyo, kila sahihi inaonekana haijaanza kutumika, na majibu yote yenye DNSSEC yanakataliwa. Mtambo unahitaji kurekebisha saa kwa NTP, huduma ya kulinganisha saa kupitia mtandao, lakini seva ya NTP imeandikwa kwa jina, na ili kulipata jina hilo ni lazima DNS ifanye kazi. Unazunguka hapohapo mpaka mtu aje na kebo ya konsoli. Jaribio lake ni rahisi: rudisha saa nyuma, zima, washa, kisha kutoka kwenye laptopu uliza jina lolote lenye DNSSEC kwa dig, amri ya kuiuliza DNS. Ukijibiwa SERVFAIL, yaani seva imeshindwa kutoa jibu, na hali isibadilike, angalia kama boksi linakubali kuandikiwa seva ya NTP kwa anwani ya IP badala ya jina. Kama halikubali, lirudishe.

Ukiwa bado na dig mkononi, uliza dnssec-failed.org, kikoa kilichoharibiwa sahihi zake kwa makusudi ili watu wajipime. Safari hii SERVFAIL ndiyo jibu sahihi. Ukipewa anwani ya IP, boksi halihakiki chochote, hata kama karatasi imeandika DNSSEC ukurasa wa kwanza.

Maboksi huuzwa mawili mawili ili moja likifa lingine lishike. Vizuri, ila uliza linashikaje. Kompyuta ya Linux yenye mipangilio ya kawaida ikikosa jibu kutoka seva ya kwanza husubiri sekunde 5 ndipo ijaribu ya pili, na hurudia subira hiyo karibu kila inapotafuta jina. Mtumiaji haambiwi DNS imekufa. Anaona mfumo wa malipo umekuwa mzito, anapiga simu, na mnaanza kukagua swichi na rauta zisizo na kosa. Maboksi mawili yanayogawana anwani moja, inayohama yenyewe boksi moja likizimika, yanaondoa adha hiyo. Zima moja mchana wakati watu wanafanya kazi, kwa ruhusa ya mkuu wako, uone kama kuna anayelalamika. Na tafadhali, yasikae yote kwenye raki moja yakinyonya UPS moja. RFC 2182 (moja ya hati za kanuni za intaneti) ya mwaka 1997 ilishasema seva za kikoa zitawanywe kijiografia na kimtandao, na ushauri huo haujazeeka.

Kisha chomoa waya wa nje, ule unaokwenda kwa mtoa huduma wa intaneti. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na mtandao wa Afrika Mashariki ukadorora. Siku kama hiyo, ofisi yenye seva yake ya DNS inaweza kuendelea kuyafikia majina ambayo seva zake ziko hapahapa nchini. Kuna pia utaratibu wa RFC 8767, wa mwaka 2020, unaoiruhusu seva kutoa jibu lililopita muda wake pale inaposhindwa kumfikia mwenye jina. Uliza kama boksi linaujua na kama unawashwa kwa urahisi. Kwangu mimi kipengele hiki kinazidi grafu zote za rangirangi.

Ofisi zenye Active Directory, mfumo wa Microsoft wa kusimamia watumiaji na kompyuta, zisisaini mkataba kabla ya kuingiza kompyuta mpya kwenye domeni huku boksi likiwa ndilo DNS pekee. Kompyuta hutafuta seva ya kuingilia kupitia rekodi za SRV (rekodi za DNS zinazotaja seva ya huduma fulani), na hujiandikisha yenyewe kwa usajili unaothibitishwa. Wasioshughulikia hilo mapema hulijua Jumatatu asubuhi.

Limebaki suala la leseni. Ikiisha kabla hazina haijalipa, na malipo huchelewa, nini kinazimika: masasisho tu, au hata ukurasa wa kubadilisha rekodi? Jibu liandikwe kwenye mkataba. Halafu jaribu kutoka. Weka BIND kwenye kompyuta ya kawaida, iruhusu ivute kanda zote (mafungu ya rekodi za vikoa vyenu) kutoka kwenye boksi, kisha linganisha rekodi. Ikishindikana, data zenu zimeshikiliwa, na bei ya mwaka wa pili ataipanga muuzaji peke yake.

Kwa ofisi ya jengo moja yenye mtu mmoja au wawili wanaoijua Linux, ningeweka seva mbili ndogo, Unbound kwa maulizo ya watumishi na NSD (programu nyingine huria ya DNS) au BIND kwa kanda zetu, halafu fedha iliyobaki iende kwenye betri za UPS na mafunzo. Kwa shirika la matawi 30, ningetangaza zabuni ya boksi, na sharti la kwanza lingekuwa siku 30 za majaribio kwenye raki yetu, kwa umeme wetu.