Sabuni ya mwani ikivuka bahari

Kila kikundi cha sabuni ya mwani kinapotafuta soko Ulaya, lawama ni ile ile: biashara ya kijamii iliyoanzishwa kwa ajili ya wanawake wa pwani imewasahau na sasa inakimbilia euro. Wanaolaumu wanasahau kwamba mwani wa Paje na Jambiani, vijiji vya Zanzibar, unalimwa ili upande meli tangu 1989. Unaondoka mkavu, ndani ya magunia, na thamani yake huongezwa huko huko ng'ambo, unapogeuzwa karajinani ya kuzitia uzito dawa ya meno na aiskrimu. Swali ni unaondoka ukiwa nini.

Soko la watalii nalo halitoshi. Masika hoteli huwa tupu, na 2020 ndege ziliposita, wateja walikatika.

Wanaolaumu wana hoja nzito moja: sabuni hula unga kidogo tu wa mwani, kwa hiyo wanaofaidika kwanza ni wapishi wa sabuni, si wakulima. Hilo ni kweli, na oda za nje peke yake haziliondoi.

Ugumu wenyewe uko kwenye karatasi. Umoja wa Ulaya unataka kila kipodozi kiwe na mdhamini wa kisheria aliyeko huko, ripoti ya usalama iliyosainiwa na mtaalamu, na usajili mtandaoni. Chukua sabuni ya karafuu. Mafuta ya karafuu kwa sehemu kubwa ni eujenoli, kemikali ya harufu inayoweza kuleta mzio, na ikizidi asilimia 0.01 kwenye bidhaa ya kuoshwa, lazima itajwe kwenye lebo. Mchaichai una sitrali, nayo vivyo hivyo. Kikundi kinachojivunia harufu nane kimejitakia hesabu nane za usalama; kipeleke mbili. Uingereza, tangu ijitoe, inadai mdhamini wake yenyewe, basi isubiri.

Mwagizaji anaweza kuwa ndiye mdhamini, na hiyo ndiyo njia nafuu. Hatari yake ni kwamba jalada la bidhaa, lenye fomula, linakaa kwake. Mkataba usiosema kwamba fomula na jina ni mali ya kikundi unamwachia mlango wa kutengenezesha kwingine.

Halafu muda. Mwani hukaa baharini kama wiki sita, na huvunwa wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana. Sabuni isiyopikwa motoni hukaa rafuni wiki nne hadi sita, na masika hutoa jasho hata karatasi ya kufungia ikalowa. Mnunuzi anayetaka mzigo ndani ya mwezi mmoja akataliwe kabla hajalipa amana.