Majina manane ya reli ya Marekani

Kitabu cha mwanahistoria Mmarekani Stephen Ambrose, Nothing Like It in the World, kilichotoka mwaka 2000, kinasimulia ujenzi wa reli ya kwanza kuvuka Marekani, 1863 hadi 1869. Wasomaji wengi walikipenda. Wataalamu wa historia ya reli walikikosoa kwa makosa mengi, na ni rahisi kuwaona kama watu wenye wivu. Sidhani.

Ambrose anajua kusimulia, na hilo si jambo dogo. Serikali ilizikopesha kampuni mbili, Central Pacific iliyotokea Sacramento upande wa magharibi na Union Pacific iliyotokea Omaha upande wa mashariki, kwa kila maili iliyojengwa: dola 16,000 tambarare, 48,000 milimani. Aliyewahi ndiye aliyepata, na msomaji anazisikia zote mbili zikihema mpaka zinapokutana Promontory, Utah, tarehe 10 Mei 1869. Wachina, vibarua wa Central Pacific waliopasua milima ya Sierra Nevada, hajawaficha. Anawasifu kwa bidii yao. Hapo nampa haki yake.

Lakini kusifiwa si sawa na kusikika. Tarehe 28 Aprili 1869, Central Pacific ilitandika maili 10 za reli kwa siku moja. Waayalandi wanane walibeba vyuma zaidi ya 3,500, na majina yao tunayo: Shay, Joyce, Kennedy, Daley, Elliott, Sullivan, Killeen, McNamara. Na Wachina waliokuwa nao kazini siku hiyo, waliopanga mataruma na kushindilia udongo? Hao walibaki kuwa “Wachina” tu.

Sababu iko kwenye daftari za mishahara. Wachina wengi walilipwa kwa genge. Fedha alipokea mnyapara, na jina linalosomeka ni la mnyapara. Barua au shajara ya hata mmoja wao haijapatikana. Basi anayesimulia kwa kufuata barua za wahandisi na matajiri huishia kuona kwa macho yao, hata kama ana nia njema.

Ndiyo maana mgomo wa Juni 1867 una uzito kwangu kuliko maili zile 10. Wachina wapatao 3,000 waliweka chini sururu. Walitaka dola 40 kwa mwezi badala ya 35, na saa za kazi ndani ya mahandaki zipunguzwe. Mzungu alilipwa na kulishwa. Wao walijinunulia chakula. Charles Crocker, bosi wa ujenzi, alizuia chakula kisiwafikie, na baada ya kama wiki moja mgomo ukavunjika. Baadaye alisema palikuwa kimya kama Jumapili.

Crocker aliona utulivu. Mimi naona watu waliotawanyika kambi hadi kambi mlimani, wakaacha kazi kwa pamoja, na hakuna aliyefanya fujo. Jambo kama hilo halitokei bila watu kukaa, kushauriana na kuaminiana, na mazungumzo hayo ndiyo wanahistoria wanayoyatafuta hadi leo.