Lindy Hop: Ilikufa, au Ilisahauliwa?

Wachezaji wengi wa Lindy Hop, dansi ya wawili inayochezwa kwa muziki wa jazz, hufundishwa kwamba dansi hii ilikufa, kisha Waswidi wakaifufua. La kwanza nalikataa. La pili nalikubali kwa masharti.

Dansi hii ilizaliwa na Wamarekani weusi wa Harlem, New York, mwishoni mwa miaka ya 1920. Kitovu chake kilikuwa Savoy, ukumbi uliofunguliwa mwaka 1926, ambako weusi na weupe walicheza pamoja wakati kumbi nyingi za Marekani zikiwatenga. Bendi ya jazz ya Chick Webb ikikolea, wawili walishikana, wakaachiana kila mmoja abuni lake, kisha wakavutana tena. Utamu wote uko hapo kwenye kuachiana.

Savoy ilifungwa mwaka 1958, ikavunjwa kupisha nyumba za makazi. Frankie Manning, bingwa wa kumrusha mwenzake hewani, alikuwa tayari mfanyakazi wa posta. Lakini Mama Lu Parks, aliyewahi kufanya kazi Savoy, aliendelea kuwafundisha vijana wa Harlem. Basi kifo kiko wapi? Kilichopotea ni umaarufu na malipo.

Hata hivyo, Waswidi nao wana haki yao. Vijana wa Stockholm wangeweza kutosheka na kuiga filamu za zamani. Badala yake walikwenda New York kuwatafuta wenye dansi yenyewe. Al Minns, mchezaji wa zamani wa Savoy, aliwafundisha mwaka 1984, mwaka mmoja kabla hajafariki. Manning alifuata, na hadi kifo chake mwaka 2009, akiwa na miaka 94, alizunguka dunia akifundisha. Mzee aliyekuwa amesahauliwa kwao alilakiwa ugenini kama mwalimu, na jambo hilo hunigusa kila ninapolikumbuka.

Lakini kuwaenzi wazee wachache hakujairudisha dansi kwa jamii iliyoizaa. Kambi za kimataifa za kujifunza dansi hii zinataka nauli, ada na likizo ndefu, na sehemu nyingi weusi ni wachache mno, sakafuni na hata miongoni mwa walimu. Weusi wanaodai nafasi ya kufundisha na kuamua wananishawishi kuliko wanaosema kwamba muziki hauna rangi kwa kuwa Savoy yenyewe haikumfungia mtu mlango. Ningekuwa mwandaaji wa kambi, ningeanza na orodha ya walimu kabla ya kutundika picha ya Manning ukutani.